Springi za Austin ya Baba

Kondoa, 17 Januari 1954

Kaka yangu Swedi,

Shikamoo. Mama yuko nyuma yangu anachambua kunde, na ameniambia nianze kwa kusema kwamba yeye mzima. Basi Mama mzima, isipokuwa goti lake la siku zote. Mvua zimeshika vizuri mwaka huu, mtama umefika magotini, na paka wa jirani amezaa ndani ya debe letu la karanga. Mama amekataza mtu yeyote asiwaguse, kwa hiyo karanga tunazitazama tu. Watu wote wanakusalimu, hata wale ambao mpaka leo wananiuliza ulikuwa wapi Baba alipozikwa.

Nawajibu kwamba ulipata udhuru. Udhuru gani, sijui, kwa sababu hukuniambia. Arobaini nayo imepita. Baba mdogo Rajabu ndiye aliyesimamia khitima, na nafasi uliyowekewa mkekani ilikaa tupu mpaka watu wakala, wakanawa, wakaondoka. Imeniuma sana, Swedi, sitaki kukuficha. Lakini leo nakuandikia kwa jambo jingine.

Austin ya Baba imesimama uani tangu alipougua. Imeinama mbele, zaidi upande wa dereva, kama ng'ombe anayekunywa maji. Baba mdogo amesema mbele ya watu kwamba gari lisipotoka uani kwa nguvu zake lenyewe kabla ya Idd, atamwuzia mtu wa vyuma chakavu. Kisha Mama atahamia kwake, na nyumba hii itapangishwa. Hakusema kwa ubaya. Anaona tu kwamba nyumba yetu haina tena cha kuilisha. Mama aliinuka akaenda jikoni na akakaa huko mpaka Magharibi.

Mimi nataka gari hili litembee. Likitembea tutabeba karanga na samli za watu hadi Dodoma kama alivyokuwa akifanya Baba, na Mama atabaki ndani ya nyumba yake. Injini haina ubaya, tatizo ni springi za mbele. Fundi nimempata, ni mtu wa hapa hapa, mwangalifu na hana maneno mengi, ila springi hajawahi kubadilisha peke yake. Najua wewe ungeimaliza kazi hii huku unapiga mluzi. Njoo. Kama huji, basi mwelekeze kwa barua, nami nitamsomea.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado nimekasirika,
Arafa


Dodoma, 20 Februari 1954

Mdogo wangu Arafa,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu basi la Matonya lilikwama Haneti. Barabara ilikatika, na abiria wakalala kwa wenyeji. Lakini imefika kavu. Matonya anajua kutunza karatasi za watu kuliko anavyojua kutunza gia. Mpe Mama salamu zangu nyingi, mwambie apake mafuta ya nyonyo yenye joto kwenye goti na asichote maji mwenyewe. Mimi bado nakaa chumba cha uani, nyuma ya duka la spea la Bwana Gulamrasul, yule rafiki wa Baba. Mkewe, Bi Nurjehan, hanipitishi siku bila chapati. Matope ya huku usiulize.

Kuhusu kuja, kazi zimenibana. Tuliache hilo.

Kuhusu gari, umefanya vizuri kuandika. Mwambie fundi wako kwanza alegeze nati za magurudumu ya mbele gari likiwa bado chini, aweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, ndipo apige jeki. Gari likipanda, asiingie chini yake. Kwanza aweke magogo mawili chini ya fremu ya chesisi, moja kila upande, ya mti mgumu, mapana kama kigoda. Si mawe, si matofali, si ringi ya gurudumu. Jeki ni ya kunyanyulia, gogo ndilo la kushikilia. Akishaweka magogo alisukume gari kwa bega, na likitikisika aanze upya. Hata kama anatafuta nati iliyoanguka, hata kama ni mara moja tu, asiingize hata mguu.

Springi yenyewe si kitu cha kutisha. Ni vipande vya chuma vilivyopangwa, kirefu juu na kifupi chini. Vipande hivyo tunaviita mabamba. Vimebanwa juu ya ekseli, ule mtaimbo wa magurudumu, kwa yubolti, yaani bolti zilizopindwa kama herufi U, na nati zake bila shaka zimeshika kutu. Azimwagie mafuta ya taa, aziache siku mbili, azimwagie tena. Asizipige nyundo kwa hasira. Kabla ya kugusa chochote anipimie urefu kutoka ardhini hadi chini ya bampa, kulia na kushoto, na unieleze kama kuna bamba lililovunjika.

Usisahau magogo.

Kaka yako,
Swedi


Kondoa, 3 Machi 1954

Kaka Swedi,

Shikamoo. Goti la Mama limepata nafuu kwa mafuta ya nyonyo, ingawa maji bado anachota, na akikamatwa anasema ndoo ilikuwa nusu. Mabinti wa Baba mdogo walikuja kulima nasi mtama. Walichungulia gari uani, wakacheka, wakaenda kumwambia baba yao kwamba limefunuliwa matumbo. Baba mdogo hakuja kutazama. Siku zake anazihesabu kimya kimya.

Magogo tumepata. Fundi ameyakata kwenye mninga ulioanguka nyuma ya nyumba, na yamemtoa malengelenge viganja vyote viwili. Nimemsomea maneno yako yote ya magogo, mwanzo mpaka mwisho. Aliniuliza kama kaka yangu ni fundi wa magari au muuza kuni. Nikamwambia zamani ulikuwa mtu wa kuruka chini ya gari jeki ikiwa bado inapanda, na Baba akikukemea unacheka. Sijui nani amekubadilisha huko, ila nampa pongezi.

Yubolti zilikataa siku mbili, ya tatu zikakubali. Springi ya kulia ina mabamba mawili yaliyovunjika katikati, na moja Baba alilifunga kwa waya. Nilipouona ule waya, jinsi ulivyozungushwa vizuri, nililia kidogo. Springi ya kushoto haijavunjika, lakini imelala, haina mgongo tena. Kuhusu bampa, kulia ni shibiri mbili kasoro vidole viwili, kushoto shibiri mbili na nusu.

Fundi anasema springi hizi hazirudishiki. Kama Bwana Gulamrasul anazo nyingine, zilete mwenyewe ule na chakula cha nyumbani. Wali wa nazi Mama ameshakuwekea nia.

Hukujibu nilichokuuliza kuhusu mazishi. Nimeona.

Arafa


Dodoma, 22 Machi 1954

Mdogo wangu Arafa,

Marahaba, na salamu kwa Mama. Mwambie nia yake ya wali imepokelewa. Huku mvua zimepungua, na Matonya anasema akijaliwa atapita mara mbili kwa wiki. Ukimwona mwambie asinunue tena nyanya Makutupora akazipange juu ya mizigo ya watu. Zilipasuka, na abiria mmoja, yule bwana anayenunua shati jipya kila mwaka, alivaa supu.

Nakuletea springi mbili kwa basi lake. Zimetoka kwenye Austin nyingine iliyotumbukia korongoni, Bwana Gulamrasul alikuwa amezihifadhi. Chuma chake ni kizuri, nimezipiga nyundo zote mbili na nimesikia sauti yake. Habari ya malipo ni yangu na yeye. Nimeweka alama upande unaokwenda mbele. Fundi yeyote akiona ataelewa.

Aanze na jicho la mbele, yaani tundu la ncha ya springi, kisha la nyuma, halafu ashushe polepole mpaka kichwa cha bolti ya katikati kiingie kwenye tundu la ekseli. Nati zote azifunge kwa mkono tu. Asikaze kwa nguvu mpaka gari limekanyaga chini kwa uzito wake. Akikaza likiwa bado linaning'inia, bushi, zile pete za mpira ndani ya macho hayo, zitajisokota na kupasuka baada ya safari mbili.

Sasa kuhusu bampa. Baba alipenda kulipima gari lake, na mimi nilikuwepo. Gari likiwa zima, bampa ilikaa shibiri mbili za mkono wa Baba. Hili limelala, na fundi wako ameandika shibiri mbili na nusu. Gari linaloumwa halirefuki, Arafa. Nimefikiri sana juu ya mkono wa huyo fundi. Ni mkono mdogo. Sitauliza jina lake, kwa sababu nikilijua itanibidi nikataze, na sitaki kukataza. Mwambie tu avae kitambaa mikononi anapokata magogo, na nywele azifunge vizuri asogeapo kwenye feni ya injini.

Na magogo yakae pale pale mpaka nati ya mwisho.

Swedi


Kondoa, 11 Aprili 1954

Kaka Swedi,

Shikamoo. Tumevuna kunde. Paka wamehamia chini ya kitanda cha Mama. Fundi amebanwa kidole cha shahada, kucha imekuwa nyeusi, Mama amemfunga majani na kumsemea maneno ambayo sitayaandika hapa.

Halafu kuna jambo lililotutia hofu kidogo. Springi zilipofika, kila moja ilikuwa imefungwa kitambaa cheupe kwenye ncha, mafundo matatu. Mama alipoona alisema kuna mtu mwenye husuda amelifanyia gari vitu njiani. Alivikata vyote viwili kwa kisu bila kuvigusa kwa mkono, akavichoma pamoja na ubani, akasoma dua akizunguka uani. Matonya alikuwa anakunywa chai barazani. Alitazama mambo yote hayo, akafungua mdomo, akaufunga. Alama uliyosema umeweka hatukuiona.

Springi zimeingia. Kila kitu kimefuatwa ulivyoagiza, magogo yakiwa ya kwanza kuingia na ya mwisho kutoka. Gari liliposhuka lilisimama, Swedi, lilisimama kweli, na pua iko juu. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akaja kulitazama. Fundi akaliwasha, akalipeleka mpaka kwenye banda la mbuzi na kurudi.

Na hapo ndipo furaha ilipokwisha. Linavuta kushoto. Usukani ukiuachia kidogo tu linataka kuingia bandani kwa mbuzi. Fundi amefungua na kufunga mara mbili, matairi yana upepo sawa, hakuna kilicholegea. Baba mdogo aliisikia injini akaja. Aliona gari likienda upande, akasema kwa upole kwamba njia ya Dodoma haiendi kushoto tu. Upole wake huo ndio unaonikasirisha zaidi. Ramadhani haiko mbali, na baada ya Ramadhani ni Idd.

Sitaki kulipoteza gari hili. Siwezi kumtazama Mama akibeba sufuria zake kwenda kukaa katika chumba cha watu. Niambie kuna nini.

Arafa


Dodoma, 24 Aprili 1954

Mdogo wangu Arafa,

Marahaba. Barua yako niliisoma dukani nikacheka mpaka Bwana Gulamrasul akatoka nyuma kuuliza, na nilipomweleza naye akakaa chini kwa kicheko. Mwenye husuda ni mimi. Kitambaa cheupe ndiyo alama. Rangi ingefutika juu ya basi, chaki ingefutika, nikafikiri mafundo matatu hayatafunguka. Nilisahau ninawaletea mzigo akina nani. Muombe Mama radhi kwa niaba ya mchawi.

Sasa sikiliza. Ile bolti ya katikati haiko katikati hasa. Iko karibu na ncha moja kidogo, na ncha hiyo ndiyo inayokwenda mbele. Ukiigeuza springi, upande mmoja wa ekseli unarudi nyuma, na gari litavuta kwenda upande huo daima. Fundi wako amebahatisha ya kulia na kukosea ya kushoto. Ili aamini, achukue kamba apime kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia kisha kushoto. Kushoto itakuwa fupi. Aigeuze ile ya kushoto, basi. Hana kosa. Hata mimi nisingejua bila alama.

Jambo la pili. Springi za mtumba hazilingani. Baada ya kugeuza, asimamishe gari tupu mahali tambarare alitazame kutoka mbele. Upande ulioshuka, auongezee bamba moja fupi chini ya mengine. Nakuletea mawili, moja huenda lisitumike. Akishatembea mwendo mdogo, akaze yubolti tena, maana mabamba yakishakaliana nati hulegea.

Mabamba nimemwachia Bi Nurjehan ayafunge kwa matambara, kwa kuwa yana grisi na Matonya analalamikia viti vyake. Matambara hayo myatumie kufutia mikono.

Mfungo mwema utakapofika. Magogo, Arafa.

Swedi


Kondoa, 9 Mei 1954

Kaka Swedi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Mama anafunga ingawa nimemwambia goti lake lina ruhusa. Anakuombea kila baada ya sala, kwa jina lako kamili, na sasa anachanganya na dua ya kuomba radhi kwa kuchoma vitambaa vyako.

Nikueleze kwanza habari ya gari. Kamba ilisema kama ulivyosema. Springi ya kushoto nimeigeuza, upande wa kulia nimeuongeza bamba moja, na nimekaza kila nati gari likiwa limekanyaga chini. Fundi ni mimi. Ulijua tangu nilipopima bampa, nami nilijua kwamba umejua. Nilificha kwa sababu niliogopa utasema hapana, na neno lako lingenivunja nguvu kuliko maneno ya mji mzima. Vitu vyote nilivyofanya nilivipata kwa Baba, nikimshikia spana uani wakati wewe ulikuwa Dodoma unajifunza kwa wakubwa. Alikuwa ananifundisha kuendesha jioni, njia ya mashambani, akiniambia tusiseme.

Ijumaa baada ya sala nilifungua lango. Baba mdogo na jamaa wengine walikuwa wanarudi msikitini. Niliwasha, nikatoa gari uani, nikapita katikati ya njia mpaka penye kisima na kurudi, na usukani niliuachia makusudi mbele yao. Lilikwenda moja kwa moja. Baba mdogo alimuuliza Mama, "Nani anaendesha?"

Mama akajibu, "Mwenye gari."

Baba mdogo alilizunguka gari, akalisukuma kwa bega pale mbele, likashuka na kupanda mara moja likatulia. Halafu akasema mtu wa vyuma atamwambia asije, na akaniuliza kama nitaweza kumbebea mizigo miwili ya samli. Nimeshinda, Swedi. Nilitaka kukimbia kuja kukwambia.

Lakini sikukwambia siku ile, kwa sababu jioni nilipokuwa nafuta mikono nilikunjua matambara yaliyofungiwa mabamba. Moja ni suruali yako ya kaki, ile yenye kiraka cha nyuma nilichokushonea mimi. Mguu wa kulia ni mzima. Wa kushoto umekatwa juu ya goti, ukapindwa, ukashonwa kwa uzi mzuri. Si tambara lililochanwa. Ni suruali iliyorekebishwa ili ivaliwe.

Nilikaa chini pale pale. Nikakumbuka magogo, barua kwa barua. Nikakumbuka nafasi yako mkekani na jinsi nilivyokukasirikia miezi yote hii. Mama sijamwonyesha. Matonya nimemuuliza, akageuka kutazama tairi lake na kusema yeye ni mtu wa basi tu.

Swedi, mguu wako uko wapi?

Arafa


Dodoma, 18 Mei 1954

Mdogo wangu,

Marahaba. Umeniuliza, nami nakujibu.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba. Gari la mteja lilikuwa juu ya jeki, chini hakuna kitu, nami nikanyoosha mguu kuvuta spana iliyobiringika. Jeki iliteleza. Hospitali walijaribu kuuokoa, wakashindwa, wakaukata. Baba alipofariki nilikuwa kitandani hata kukaa siwezi. Habari ya msiba niliipata kwa Matonya, akaja kunieleza huku ameshika kofia yake. Nilimwapisha asiseme. Nilijua mkisikia, Baba mdogo atasema nyumba haina tena mwanamume wa kuisimamia, na gari na nyumba vitakwenda siku hiyo hiyo. Na Mama alikuwa amepoteza mume. Sikutaka awe na kingine cha kulilia.

Mambo mengine niliyoyaficha hayana sababu nzuri hivyo. Niliona aibu. Bado naona. Nilikuwa kijana wa Baba anayerukia magari, na sasa nakaa kwenye kigoda mlangoni mwa duka natengeneza kabureta za watu, kila anayepita anatazama chini kwanza ndipo anitazame usoni. Barua zako ndizo zilizonitoa kitandani. Kila Matonya aliposimama hapa nilijiambia kuna springi Kondoa zinanisubiri. Niliposoma kwamba gari limesimama, mimi ndiye niliyesimama. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo sasa unajua. Mwambie Mama kwa namna utakayoona inafaa, wewe una maneno kuliko mimi. Gari likifika Dodoma na mizigo ya Baba mdogo, lisimamishe mbele ya duka nilitazame, nilisikilize, nilipime bampa kwa mkono wangu. Kisha upakie mizigo urudi. Usiniombe nirudi nawe. Fundi wa mguu mmoja Kondoa ni mzigo, na gari lako limekwisha kupangiwa mizigo yake. Bamba la pili litunze, litafaa siku nyingine.

Nimejivunia sana, Arafa. Kwa mkono mdogo kama huo.

Swedi


Kondoa, 30 Mei 1954

Kaka yangu Swedi,

Shikamoo. Barua hii anaileta Matonya, naye ana ruhusa yangu kukucheka. Miezi yote hii amebeba siri yako kuja huku na siri yangu kwenda huko ndani ya basi moja, na hakuna hata moja iliyodondoka. Nimemwambia kama mizigo angeitunza hivyo, yule bwana wa shati asingevaa supu.

Mama nimemwambia. Nilimkalisha kitandani kwake na nikamwonyesha suruali. Aliishika pale iliposhonwa, akalia, akanyamaza, akalia tena. Kisha akauliza nani aliyekushonea. Nikasema labda Bi Nurjehan. Akasema huyo mama ana mkono mzuri, na mfuko wa karanga bora utakwenda kwake. Halafu akaniuliza gari linaondoka lini. Hakuniuliza kama utakuja. Jioni hiyo hiyo alikuwa anatandika chumba chako. Kitanda amekisogeza karibu na mlango, na kigoda kimoja amekiweka uani pale tunapofungulia gari.

Baba mdogo naye anajua. Alisema angekwambia mwenyewe kwamba alikuwekea chuki moyoni tangu mazishi na anaomba umsamehe. Nimemwambia asubiri, utakuwa hapa atakwambia.

Jumatatu polisi wa bomani walinijaribu kuendesha, na leseni nimepewa. Yule ofisa alikaa kiti cha kushoto, mnene kweli kweli. Kabla hatujaondoka nilishuka nikaenda kutazama gari kwa mbele, akadhani nimeogopa na ninakimbia. Sikuwa naogopa. Nilikuwa natazama linavyokaa, nikaona limezidi kulala upande wake. Mimi mwepesi, na wewe hata kwa mguu mmoja una mifupa ya Baba. Nilipofika nyumbani nilipiga jeki, nikaweka magogo, nikasukuma kwa bega, ndipo nikaingia chini.

Kwa hiyo bamba la pili usiniulize, limekwisha kutumika.

Unasema Kondoa utakuwa mzigo. Mimi nina gari moja, springi za mtumba, na kila mwenye gari kuanzia Kelema mpaka hapa ameshasikia kuna fundi uani kwetu. Wiki hii wamekuja wawili. Mmoja ana kabureta inayokohoa, nami kabureta siijui. Nimemwambia aje baada ya Idd, bingwa wa kabureta atakuwa amefika. Usinifanye mwongo kwa wateja.

Nitaondoka hapa kesho alfajiri na samli za Baba mdogo. Zote nimezipanga nyuma. Sitaki ubishi mlangoni kwa Bwana Gulamrasul. Funga vitu vyako, uage watu vizuri, tufike nyumbani kabla mwezi haujaandama.

Na jambo la mwisho. Ukitoka nje utaona Austin ikiwa tupu imekaa juu kidogo upande wa kushoto, kama upana wa kidole. Utapima bampa na utataka kuniambia nirekebishe. Usiniambie. Nimeipima hivyo kwa makusudi. Ukishakaa, italingana.

Mdogo wako,
Arafa